Tuwape kurasa zenyewe

MAKORO
Safu ya kila juma ya Furaha Kahindo

Jumamosi iliyopita binti wa kaka yangu alifika nyumbani Katindo, hapa Goma, na silabusi ya utangulizi wa sosholojia kwapani. Yuko mwaka wa kwanza. Ni fotokopi ya fotokopi, imebanwa pini mbili pembeni, na kurasa za mwisho zimefifia kama zimeandikwa kwa majivu. Alitaka nimsaidie kujiandaa kwa mtihani. Nikaifungua. Auguste Comte: alizaliwa lini, alifariki lini. Durkheim mistari sita. Weber mistari mitano. Marx mistari minane, na ukingo wa kulia umeliwa na mashine.

Nikamwuliza, “Durkheim umeshamsoma?”

“Ndiyo, shangazi. Si huyu hapa?” Akaniwekea kidole kwenye ile mistari sita.

Sikuwa na la kumlaumu, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe. Chuo nilichosomea sitakitaja, na mwalimu wangu wa wakati huo simtaji pia. Nilikuwa nimebahatika kupata kitabu cha Durkheim cha mwaka 1895, kile cha kanuni za mbinu ya sosholojia, kwenye kabati la padri mmoja wa parokia yetu. Nilikisoma kwa taabu, kamusi pembeni, majuma matatu. Kwenye mtihani likaja swali la nini maana ya jambo la kijamii. Nikajibu kwa alivyolieleza Durkheim mwenyewe, na mfano wa mahari juu. Karatasi ilirudi na alama mbovu na maneno ya wino mwekundu: jibu hili halimo kwenye kozi. Tangu siku hiyo niliacha kufungua vitabu hadi nilipomaliza masomo, na miaka hiyo hairudi.

Ndiyo maana leo naandika juu ya mkusanyiko wa maandishi kwa wanafunzi wanaoanza sosholojia. Wapo watakaoona ni jambo dogo, katika mji uliopitia tuliyopitia. Kwangu si dogo.

Silabusi ni sauti ya mtu mmoja akikusimulia wengine walisema nini. Mkusanyiko ni wale wengine wenyewe, wamekaa pamoja ndani ya jalada moja, kila mmoja na lugha yake na ukaidi wake, na mara nyingi hawapatani. Anayesoma silabusi hujifunza kurudia. Anayesoma mkusanyiko analazimika kuamua amwamini nani, na kwa sababu gani.

Mkusanyiko uliowalea wanasosholojia wengi wa Marekani ulitoka mwaka 1921 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Waliouandaa ni Robert Park na Ernest Burgess. Una kurasa zaidi ya 1,000 na sura 14, na kila sura inafuatwa na maswali ya kujadili na mada za kuandikia insha. Jalada lake lilikuwa la kijani, wanafunzi wakaubandika jina la Biblia ya Kijani. Huyu Park, kabla ya kuwa profesa, alikuwa mwandishi wa habari, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa katibu wa tawi la Marekani la Congo Reform Association, chama kilichopigania kukomeshwa kwa ukatili wa Mfalme Leopold katika nchi hii yetu. Mwaka 1906 aliandika katika jarida la Everybody's Magazine akimweleza Leopold kama mfanyabiashara aliyevaa taji. Mpira wa Kongo na mikono iliyokatwa vilipita kwenye meza ya mtu huyu kabla hajaandaa kitabu chake. Kila nikikumbuka hilo huwaza: kumbe tulikuwa karibu na chanzo cha elimu hii, na bado watoto wetu wanaifikia kama habari za watu wa mbali.

Katika kitabu hicho Park na Burgess waliingiza maandishi ya Mjerumani Georg Simmel kuhusu mgeni, aliyoyatoa mwaka 1908. Ni kurasa chache tu. Mgeni wa Simmel si mpita njia. Ni yule aliyekuja akabaki, anayeuza na kununua nasi, anayejua siri zetu, lakini siku ya kuhesabiana anaambiwa si wa hapa. Anakuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja.

Sasa mpe kurasa hizo binti wa Goma. Mji wenyewe umejengwa na waliokuja. Wapo waliotoka Butembo na Lubero na biashara zao, wapo waliotoka Bukavu, wapo walioshuka kutoka Masisi na Rutshuru usiku, godoro kichwani na kuku mkononi, kila vita vilipowafukuza. Mwaka 1994 Wanyarwanda mamia kwa maelfu walivuka mpaka kwa siku chache, kipindupindu kikawafuata. Hapa kwetu swali la nani ni mgeni na nani ni mwenyeji si la mtihani, limechoma vijiji. Watoto wamezikwa kwa ajili yake. Mwanafunzi akimsoma Simmel mwenyewe atayapata maneno ya kulitazama jambo hilo bila kushika panga na bila kufunga macho. Tena ataona Simmel anaishia wapi, kwa sababu Simmel hakujua mahali ambapo kila mmoja humwita mwenzake mgeni. Binti yangu huyu anaweza kumjibu. Mistari mitano ya silabusi haimpi mtu pa kujibia.

Weber naye. Mwaka 1919 aliwaambia wanafunzi wa München kwamba dola ni jumuiya inayodai, na kufaulu kudai, kwamba ni yenyewe tu yenye haki ya kutumia nguvu ndani ya mipaka yake. Soma sentensi hiyo ukiwa Kivu. Sina haja ya kuongeza neno.

Ila mkusanyiko wa Wajerumani na Wafaransa peke yao hautatutosha, hata ukiwa mzuri kama ule wa Bourdieu, Chamboredon na Passeron wa mwaka 1968. Ninachokitaka kwa Goma ni jalada moja ambamo Simmel anakaa ubavuni mwa waliotuandika sisi. Nao wapo. Mwanahistoria Bucyalimwe Mararo aliandika mwaka 1997 jinsi ardhi na madaraka vilivyozaa ugomvi wa makabila Masisi kuanzia miaka ya 1940. Pole Institute, hapa hapa mjini, ilitoa Januari 2002 uchunguzi wake juu ya koltani na jinsi madini hayo yalivyogeuza maisha ya watu wa Kivu Kaskazini. Ni mwezi ule ule Nyiragongo ilipomwaga lava katikati ya mji, tarehe 17. Koen Vlassenroot na Timothy Raeymaekers walikusanya mwaka 2004 tafiti juu ya vita na mabadiliko ya jamii mashariki mwa Kongo. Karen Büscher aliuandika mji huu wenyewe katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Ghent. Na kuna mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series, ambamo watafiti wa kwetu walisema wazi jinsi wanavyotumwa vijijini kukusanya majibu, wanavyobeba hatari, kisha majina yao yanapotea siku ripoti inapotoka.

Hilo la mwisho liwe la kwanza kusomwa, kwa maoni yangu. Wengi wa wanaosoma sosholojia Goma, wakipata kazi, wataanza kwa kufanya ankete za mashirika: simu au tableti mkononi, maswali arobaini, mlango hadi mlango Ndosho na Majengo. Mji huu umehojiwa mpaka mama mmoja wa Mugunga aliniambia anayajua maswali kabla hajaulizwa. Majibu yanasafiri hadi Brussels na New York, yanarudi kwa Kiingereza kama yanarudi, na aliyeyakusanya hana hata nakala. Kijana anayeingia kazi hiyo bila kuwahi kusoma utafiti mmoja mzima, wa kuanzia swali hadi mashaka ya mtafiti mwenyewe, tumemtuma shambani bila jembe.

Nimesikia wanaosema hakuna fedha. Ni kweli maisha ni magumu. Tangu benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025 hata kulipa minervali, yaani karo ya chuo, ni safari. Lakini wanafunzi wananunua silabusi hivyo hivyo, moja kwa kila kozi, kila mwaka. Wizara ilishakataza kuwalazimisha, na bado anayekosa kununua anajua jina lake limeangaliwa. Simtupii mwalimu mawe. Mwalimu ambaye mshahara wake haumfikishi tarehe 15 anauza alichonacho, na alichonacho ni ile silabusi. Ndiyo maana nasema idara ziandae jalada hili pamoja, mapato yagawanywe kwa haki kati ya waliolitayarisha, wenye maandishi waombwe ruhusa, na mwanafunzi alinunue mara moja alitumie miaka yote mitatu ya lisansi. Maandishi mengi ya watunzi wa zamani hayadaiwi tena haki za kunakili. Walio hai, nina hakika wengi wao watafurahi kusomwa na watu waliowaandika.

Kuna pia suala la lugha. Tunafundisha kwa Kifaransa watoto wanaoota kwa Kiswahili. Mama wa soko la Virunga akieleza likelemba yake, ule mchezo wa kupokezana pesa, nani anaanza kupokea, nani anapokea wa mwisho na kwa nini aliyefiwa anasogezwa mbele, anaeleza kwa Kiswahili jambo lile lile ambalo Marcel Mauss alilifuatilia mwaka 1925 katika insha yake juu ya zawadi: kwamba kupokea ni kufungwa kamba. Mwanafunzi anayekaa kati ya wawili hao anahitaji kurasa za lugha zote mbili.

Na Kiswahili chenyewe kina maandishi yanayostahili kuwemo. Mwaka 1965, huko Katanga, kilichapwa kijitabu kilichoandikwa na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, juu ya historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ni Kiswahili cha mjini, cha watu waliopika, waliofua na kubeba watoto wa Wazungu, wakieleza mji ulivyojengwa na nani alikufa ukijengwa. Johannes Fabian alikitoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wasomi wa Ulaya wanakifundisha. Hapa Goma sijakutana na mwanafunzi aliyewahi kukiona.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilifanya nilichoweza. Niliiweka silabusi kando nikampa binti kurasa nne za Simmel, sita za Mauss na tatu za Yav, nilizokuwa nimezitoa kwenye printa kitambo. Nikamwambia asome na penseli mkononi, na kila asipokubali aandike pembeni.

Jumatano alirudi. Ukurasa wa Simmel ulikuwa umejaa. Mahali fulani aliandika, kwa herufi ndogo ndogo, “Na kama wote ni wageni?” Lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya Simmel. Zile kurasa za Yav alikuwa amemsomea koko, mama yangu, jioni wakisubiri maharage yaive. Koko alicheka kwanza, akisema Kiswahili hicho cha Katanga kinapinda midomo. Kisha akanyamaza. Kisha akamkatiza msomaji: hapana, kwetu haikuwa hivyo. Baba yetu, marehemu mume wake, aliwahi kuwa boyi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Rutshuru, na koko akaanza kusimulia funguo za stoo alizishika nani, nani alikula jikoni na nani alikula nje, na siku Mzungu alipoondoka aliacha nini mezani. Habari hizo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sijawahi kuzisikia.

“Ukaandika?” nikamwuliza.

Akageuza zile kurasa za Yav. Nyuma yake, kwa biki ya buluu, zilikuwa zimejaa zote tatu, na alikuwa amekuja kuniomba karatasi zaidi.