Tuondoleeni Bogenvilia, Mtupe Mkawa

Ingia kompaundi yoyote mpya ya gorofa hapa Nairobi. Kabro kutoka geti mpaka ngazi. Kipande cha nyasi chenye kibao cha kukukataza kukanyaga. Mitende mitatu ya mapambo, bogenvilia ukutani. Vyote vinamwagiliwa maji tunayolipia sisi wapangaji, na hakuna kitu hata kimoja pale mtoto anaweza kuchuma akala.

Mimi nataka mkawa. Wengine huuita mtandamboo, Wajaluo ochuoga, Wamasai olamuriaki. Mti wenye majina yote hayo si mgeni. Ni kichaka cha kwetu, cha nyika na kingo za misitu, kinachovumilia kiangazi bila kubembelezwa. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo kwa nje, na yananukia vizuri sana. Matunda huanza yakiwa kijani, yakawa mekundu, halafu zambarau karibu nyeusi, na hapo ndipo unakula. Utomvu wake mweupe unanata kwenye midomo. Waliokulia ushago wanajua.

Kwenye ploti yetu mmoja uliota wenyewe kando ya ukuta, nadhani ndege ndiye alileta mbegu. Siku moja nikapata keyateka ameukata. Nikamuuliza, "Mzee, huu mti ulikukosea nini?" Akasema landlodi hataki kichaka, tena una miiba.

Miiba! Alikuwa amesimama chini ya bogenvilia akiniambia hivyo. Na ile kayaba tunayopanda kama ua, iliyotoka kusini mwa Afrika, ina miiba ya kutoboa tairi. Hakuna anayelalamika. Basi miiba si shida. Shida ni kwamba mkawa unafanana na mashambani, na landlodi anauza picha ya kutoka mashambani.

Angalia pia jakaranda. Imetoka Amerika ya Kusini, na ikichanua Oktoba sote tunapiga picha. Sina ugomvi nayo, ni nzuri. Ila maua yake yakimwagika barabarani tunaita urembo, na tunda la mkawa likidondokea boneti ya mtu tunaita uchafu.

Novemba 13, 2023 tulipewa holide tupande miti. Milioni 100 siku hiyo, bilioni 15 kufikia 2032. Sawa. Lakini mtaani kwetu tulichosikia ni idadi tu. Mti gani, na nani atakula matunda yake, hakuna aliyetuuliza.

Kuna hoja moja naiheshimu, nayo ni msunguti. Ni wa ukoo mmoja na mkawa, maua yanafanana, matunda pia, na ndio ulitoa sumu ya mishale. Mzazi akiogopa, ana haki. Lakini msunguti hauna miiba. Mkawa unayo. Ile miiba landlodi anachukia ni mojawapo ya alama za kukuonyesha umesimama mbele ya mti upi. Bibi zetu walijua hivyo wakiwa watoto kwa sababu miti yote miwili ilikuwa hapo mbele yao. Sisi tumeng'oa yote miwili, sasa tunaogopa kila tunda lisilo na stika ya supamaketi. (Na kama huna uhakika, usile. Uliza mtu anayeujua mti.)

Kuupanda si kazi. Chukua matunda yaliyoiva, toa nyama, osha mbegu, zipande mapema. Usiziweke droo mwaka mzima. Ukitaka ua, panda miche kwa mstari na uwe unapogoa. Utapata ukuta ambao mwizi ataufikiria mara mbili, na ndege watakuwa na sababu ya kuja asubuhi.

Juzi nimeona kile kisiki chetu kinachipua. Nimemwambia keyateka aache, kupogoa nitafanya mimi, na glavu nitanunua mwenyewe. Amesema ataongea na landlodi.