Anayelala Si Lazima Awe Mvivu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia yampatayo yule asiyeyaficha maradhi yake, akayaeleza waziwazi, lakini maneno yake yakapokewa visivyo.

Mchukue mtu mwenye ugonjwa sugu wa ini, uwe umeletwa na pombe au na virusi vya homa ya ini aina ya B. Husema: "Nikisimama natweta, nikilala napata nafuu." Jamaa zake humwona mvivu apendaye kitanda. Mhudumu wa zahanati naye huandika kwamba mgonjwa anakosa pumzi, basi. Kiambishi -ki-, kinachobeba sharti la kauli yote, kimetupwa. Kumbe ndicho kilichobeba siri ya maradhi.

Tumezoea kwamba anayeshindwa kupumua huketi. Mgonjwa wa moyo hurundika mito ili asilale chali. Maradhi haya ni kinyume. Tangu mwaka wa 1977 wataalamu wameyapa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita sindromu ya ini na mapafu. Ini likidhoofika, mishipa midogo ya damu iliyomo mapafuni huweza kutanuka kupita kiasi, damu ikapita bila ya kuchukua oksijeni ya kutosha. Aghalabu mishipa hiyo iliyotanuka huwa mingi zaidi sehemu za chini za mapafu. Mgonjwa asimamapo, damu huvutwa huko huko chini, na oksijeni mwilini hupungua. Alalapo, damu husambaa kwa usawa zaidi.

Hapo ndipo linapozuka suala la mazoezi. Misuli ya mgonjwa wa ini hunyauka, naye huhitaji nguvu ili astahimili upasuaji wa kupandikizwa ini, ambao ndio tiba pekee iliyothibitika kuyaondoa maradhi haya. Kumwamrisha atembee kila asubuhi ni kumtaka afanye kazi katika mkao ule ule unaomnyima hewa. Ndiyo maana watafiti mjini Toronto, Kanada, waliamua kuwapima wagonjwa wa aina hii wakiendesha baiskeli ya mazoezi hali wamelala, kisha hali wameketi wima, ili ijulikane ni mkao upi utakaowawezesha kuendelea kwa muda mrefu zaidi.

Yamkini atatokea msomaji wa kudai kwamba haya ni mambo ya mataifa tajiri. La hasha! Kupandikizwa ini ni ghali, lakini kuuliza hakugharimu senti. Tangu janga la Korona la mwaka wa 2020, kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kimekuwa kitu cha kawaida. Mgonjwa wa ini anayetweta na apimwe akiwa amelala, kisha asimame kwa dakika chache, apimwe tena. Si kila mwenye maradhi haya ambaye tarakimu yake itashuka, lakini ikishuka, apelekwe bila kuchelewa kwenye hospitali yenye wataalamu wa ini na mapafu.

Wanaowafunza wauguzi na matabibu wetu hawana budi kuwafundisha kwamba kuandika "anakosa pumzi" hakutoshi. Na iandikwe pia ni katika hali gani: akiwa amesimama, ameketi au amelala. Nasi tulio nyumbani tusiharakishe kumwita mvivu mtu ambaye mwili wake unamlazimisha kulala ili apate kupumua.