MASHINE IKIKATA VIBAYA, NANI ALIPE?



Mimi ni mtu wa reli, si mchuma chai. Lakini kwetu ni Sigowet, na katika ukoo wetu wanaokula kwa chai ni wengi kuliko wanaokula kwa reli. Kwa hiyo naomba nafasi niseme neno juu ya mashine za kuchumia chai.

Yaliyotokea Kericho mwezi wa Mei 2023 twayajua: mashine zilichomwa moto mashambani na damu ikamwagika. Mimi siungi mkono kiberiti. Ugomvi ule ulikuwa juu ya kazi zinazopotea, nao ni ugomvi wa haki. Lakini liko jambo lingine tusilolisema sana, nalo ni usahihi wa mkato.

Mkono wa mchuma una macho. Huchagua majani mawili na chipukizi, ukaliacha jani gumu. Kisu cha mashine hakichagui. Hukata kila kilichozidi kimo kilichopangwa. Basi usahihi wake lazima utoke kwingine: uso wa michai uwe sawa kama meza, visu vinolewe, na siku za kurudia shamba zihesabiwe, kwani ukichelewa majani yamekwisha komaa. Kisu butu hakikati, hurarua, na jani lililoraruka huanza kugeuka rangi kabla ya kufika kiwandani. Tena shamba lenyewe ni neno kubwa. Michai ya vipandikizi vya aina moja, kama ile 6/8 ya watafiti wa chai wa Kericho, huchipua pamoja, na mashine huenda vizuri. Lakini shamba la zamani lililopandwa kwa mbegu, kila mti una tabia yake, kama watoto wa baba mmoja. Huko mashine hufanya fujo.

Sasa tazameni. Kunoa visu ni kazi ya karakana. Mchai wa kupandwa aliuchagua mwenye shamba. Siku za mzunguko hupangwa ofisini. Ila majani yakifika mizanini yana vijiti, wa kwanza kukaripiwa ni yule aliyeshika mpini!

Njia yetu ya zamani ya reli ina upana wa mita moja. Genge hutembea na geji, na kipimo huandikwa. Gari likianguka, maandishi hutazamwa kabla ya mtu kulaumiwa. Angalau ndivyo kanuni isemavyo. Mashine ya chai nayo iwe na daftari lake: visu vilinolewa lini, kimo cha mkato ni kipi, shamba lilikaa siku ngapi. Mwakilishi wa wafanyakazi awe na ruhusa ya kulisoma.

Katika mapatano yajayo na waajiri, naomba viongozi wetu waandikishe mambo mawili. Kwanza, mtu asikatwe kilo hata moja kwa mashine ambayo daftari lake halikujazwa. Pili, mashamba ya mbegu yaachiwe mikono ya watu, kwa kuwa huko mashine haijaweza kuchagua jani.