Kijana wa Ekonda, mnara wa simu na msitu wetu



Kwenye mkutano wa juma lililopita nilisema nitawaletea habari ya mwandishi ninayempenda kupita wote. Mama mmoja wa likelemba yetu akanikatiza: "Riwaya itatusaidia nini, na makala imepanda bei?" Tulicheka sote. Lakini swali lilinifuata mpaka jikoni, maana kitabu chenyewe kinahusu makala pia, kwa namna yake: kinahusu msitu, na nani anaula.

Mwandishi ni In Koli Jean Bofane, mtoto wa Mbandaka, aliyezaliwa 1954. Mwaka 1993 aliondoka nchini akaenda Ubelgiji. Anaandika kwa Kifaransa, na riwaya yake ya Congo Inc. ilitoka 2014, ikapata zawadi ya mabara matano ya Francophonie mwaka uliofuata. Kifaransa chake kina vicheko vya Kinshasa ndani yake. Ukiwa umewahi kungoja basi kwenye jua huku mtu anakuuzia dawa ya magonjwa yote, utamwelewa.

Kuna kijana, Isookanga, wa watu wa Ekonda, wale wafupi wa msituni. Mjomba wake, mzee Lomama, ni chifu na anataka kumwachia uchifu. Kijana hataki. Msitu unamchosha, hata viwavi vyake, vile tunavyokausha na kuuza kwa kopo. Mnara wa simu unaposimamishwa karibu na kijiji, mzee anasikitika na kijana anafurahi kama amepata mke. Ana ordinateri aliyomwibia mgeni mtafiti, na humo anacheza mchezo ambao makampuni yanapigana kwa mabomu ili yapate madini. Kampuni yake mwenyewe ameiita Congo Bololo. Kisha anapanda boti kwenda Kinshasa, awe mtu wa biashara ya dunia nzima.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilimcheka. Mara ya pili nilimwona kijana wangu mwenyewe, anayeniambia shamba ni kazi ya watu wasio na akili, huku simu iko mkononi toka asubuhi. Bofane hamtukani huyo kijana. Anampenda. Ndiyo maana kejeli yake inauma.

Kinshasa, Isookanga anaishi sokoni na mashege. Anashirikiana na Mchina mmoja aliyetupwa na bosi wake, wanauza maji ya mifuko. Maji hayo yanaitwa "Eau Pire". Mnajua Kifaransa: badala ya "safi", imekuwa "mbaya zaidi". Na watu wananunua! Yuko pia pasta wa kanisa la kuzidisha pesa. Sitasema mengi, kila mmoja wetu ana wake anayemfikiria.

Lakini mtu wa kuogopesha ni Kiro Bizimungu. Zamani aliongoza watu wa bunduki huku mashariki. Sasa amepewa cheo: kusimamia mbuga ya Salonga. Salonga ni ya kweli, wamama. Iliundwa 1970, ina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 33,000, na UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1984. Katika riwaya, mlinzi wake anaona miti ni kizuizi tu, inamficha madini yaliyo chini. Kumpa fisi bucha, wazee wetu walishasema. Bofane anaiandika kama mzaha wa ofisini, na mimi nilicheka kwanza, halafu nikaweka kitabu chini.

Sasa niseme jambo gumu. Mwezi uliopita nilikuwa nawasomea wamama wachache kwa sauti, nikigeuza Kiswahili, huku tunachambua sombe. Tulifika kwa Shasha, msichana aliyekimbia vita vya Kivu. Sasa anaishi sokoni, na mwanajeshi wa kulinda amani anamnunua. Mama mmoja akasimama, akakung'uta kikwembe, akatoka. Hakusema neno. Nilijua habari yake ya njiani, ningepaswa kufikiri mapema. Jioni nilienda kwake kuomba msamaha. Akaniambia hakukasirikia kitabu. Alitaka kujua kama yule msichana anaishi mpaka mwisho. Nikamwambia anaishi. Akasema, "Basi endeleeni, ila unionye kabla."

Kwa hiyo ninawaonya. Kuna kurasa za vita zinazotisha kweli, na watoto wadogo wasipewe. Atakayeisomea kikundi aulize kwanza nani yuko chumbani, na asione haya kuruka ukurasa. Kwa watoto, Bofane aliandika kitabu kingine mwaka 1996, cha kueleza kwa nini simba si mfalme wa wanyama tena. Wao watacheka wanyama. Ninyi mtajua ni nani aliyevaa ngozi ya simba.

Nakala yangu ya Congo Inc. iko kwa katibu, imefungwa kwa gazeti. Jalada limeshika mafuta ya mawese, mnisamehe. Anayeitaka aandike jina lake kwenye daftari, juma mbili kwa kila mmoja. Aliyeuliza juu ya bei ya makala nimemwandika wa kwanza, bila kumwuliza.