Yaliyopita ni Ndwele

Ipo methali ambayo kila mtoto wa nchi hii huisikia kabla hajajua kusoma: Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Methali hii ni njema kwa majirani waliogombana juu ya kuku au mpaka wa shamba. Lakini imeondolewa mahali pake ikatiwa mahali pasipo pake. Hutumiwa kufunika damu ya watu waliouawa kwa sababu ya kabila lao. Na ikitumiwa hivyo, msomaji, si hekima tena bali ni pazia la uovu.

Tazama yaliyotukia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto hali limejaa watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne kwa kuwa ushahidi haukutosha, na jaji akawalaumu polisi kwa upelelezi mbovu. Kanisa liliungua mchana, lakini sheria haikumwona aliyewasha kiberiti. Je, jambo hili limepita? Limepita kwa aliyewasha. Kwa mama aliyezika mwanawe halijapita.

Wako wasemao kuwa mashtaka huamsha chuki iliyolala. Kauli hii ina sura ya busara na moyo wa woga. Watu waliuawa kwa kabila lao mwaka 1992 katika Bonde la Ufa, na mwaka 1997 huko Likoni. Tume ilichunguza, lakini wachochezi wakubwa hawakufikishwa kizimbani. Kumbe ni nani aliyeiamsha chuki ya 2007? Si hakimu. Ufa usiozibwa ulidai ukuta.

Wengine husema kuwa neno halivunji mfupa. Uongo! Kabla ya nyumba kuchomwa, wenye nyumba huitwa “madoadoa,” na doa ni kitu cha kufutwa. Ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliyafanya maneno ya chuki kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria ni panga, na panga halikati pasipo mkono. Mkono wake ni shahidi asiyeogopa na askari asiyependelea.

Wala usidhani kwamba kazi hii ni ya serikali peke yake. Wajir, katika miaka ya mwanzo ya 1990, koo zilipouana, wanawake wakiwamo Dekha Ibrahim Abdi walikutana, wakaanza na soko: kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na anunue kwa amani. Kutoka sokoni wakawaendea wazee na vijana. Hawakungoja amri ya mkubwa.

Lakini amani isiyomkumbuka aliyeumizwa ni nusu ya amani. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru wanne kati ya waliobakwa katika ghasia zile walipwe shilingi 4,000,000 kila mmoja, kwa kuwa serikali haikuchunguza dhuluma waliyotendewa. Walikwenda mahakamani mwaka 2013. Haki ilichukua miaka saba kufika, na ikawafikia wanne tu, hali walioumizwa ni wengi mno.

Basi, kijana, usidanganywe na utamu wa methali. Mwenzako akiitwa kwa jina la kumdhalilisha kabila lake, usicheke, kataza. Ukiona uovu, ukiulizwa, sema ulichokiona. Aliyefukuzwa kwao akija kukaa karibu nawe, mpe mkono kabla hujamuuliza jina la baba yake. Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa: atautoa yeye apendapo. Sisi wengine deni letu ni haki.