Usimfute mkulima ili ripoti ikimbie

Nimekuwa kimya kidogo, na lawama ni za ripoti moja niliyomwandikia mteja hapa Silibwet anayenunua majani chai kwa wakulima wadogo.

Ilitakiwa kuonyesha kila mkulima, kilo zake za mwezi, kituo alikopimiwa na deni lake la mbolea. Ilichukua dakika nne. Nikageuza mpangilio wa kuunganisha majedwali, ikashuka hadi sekunde mbili. Nikajisifu sana! Kesho yake karani akanipigia: "Kijana, kuna mama hayumo, na ana deni la magunia mawili." Mama huyo alikuwa mgonjwa, hakuchuma mwezi mzima.

Muungano wa nje, yaani LEFT JOIN, humhifadhi mkulima hata kama hana kilo. Nafasi hubaki tupu. Mimi nilimuunganisha mkulima na mizani kwa muungano wa nje, kisha nikaleta vituo kwa muungano wa kawaida. Asiye na mizani hana kituo cha kulinganishwa nacho, akatupwa. Ukiunganisha mizani na vituo kwanza, ndipo umwambatanishe mkulima kwa muungano wa nje, anabaki.

Miungano ya kawaida haina shida hiyo. Majedwali manane, hata ukiyaunganisha moja moja kwa foleni, yana mipangilio 40,320, na jibu ni lile lile. Ya nje ina masharti. Ndiyo maana kabla ya toleo la 8.2, la Desemba 2006, PostgreSQL ilifuata tu mpangilio ulioandikwa. Tangu hapo huibadilisha pale ambapo jibu halitaharibika.

Mbona basi nilisubiri dakika nne? Ulizo langu lilikuwa na majedwali 11, na kikomo cha kawaida cha join_collapse_limit ni 8. Nikarudisha ulizo la kwanza, nikapandisha kikomo hadi 12: sekunde tatu, na mama yumo.

Wenzangu wengi hufuta neno LEFT tu kasi ikipungua. Naona huo ni uvivu, maana anayepotea ni yule aliyekuwa na mwezi mbaya. Angalau hesabu mistari kabla na baada.

Na ukiweka sharti la kilo zaidi ya sifuri kwenye WHERE, PostgreSQL yenyewe itaufanya muungano wa nje kuwa wa kawaida. Hilo nalo nimewahi kulifanya, ila ni hadithi ya siku nyingine.