Rangi ya manjano si jina la ugonjwa

Imekuwa jambo la kawaida siku hizi katika miji yetu kuona milimau na mindimu mifupi iliyopandwa katika vyungu na ndoo kuukuu kwenye roshani za majumba ya ghorofa, mbele ya maduka na hata katika veranda za shule. Miti hii hupachikwa juu ya shina la aina nyingine ili kimo chake kisipite kiasi, na kwa njia hiyo mtu asiye na shamba huweza kuchuma ndimu zake mwenyewe hatua chache tu kutoka jikoni. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, pamoja na miti hiyo imezuka kauli moja ambayo imeenea mno: "Majani yamegeuka manjano." Kauli hii hutolewa kana kwamba ni jina la ugonjwa, na aliyeitoa hukimbilia duka la pembejeo akarudi na mfuko wa mbolea au chupa ya dawa ya wadudu. Mara nyingi mti hufa vivyo hivyo, na mwenyewe akasema kwamba hana mkono wa kupanda.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ana uhusiano gani na majani ya mlimau. Jibu langu ni kwamba kosa linaloua miti hii ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la kilimo. Mtu huona mambo saba yaliyo tofauti, akayaita kwa neno moja, kisha akayatibu kwa dawa moja. Kwa hivyo nitatoa rai katika makala haya kwamba kuyasoma majani ya miti hii ni zoezi linalostahili kufanywa katika kipindi cha Kiswahili, na kwamba tukilipuuza tutapoteza zaidi ya ndimu chache.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kimeipa rangi ya kijani jina linalotokana na jani. Rangi ya manjano nayo imepewa jina la kiungo tunachokitia katika mchuzi. Ni majina yaliyozaliwa na macho ya watu waliotazama vitu kwa makini. Aidha, lugha hii ina vitenzi tele vya kueleza masaibu ya mmea. Jani hufifia, hupauka, hunyauka, husinyaa, hujikunja, huungua ukingoni, hutoboka, hupukutika. Mche nao huvia au hudumaa. Kila kimoja cha vitenzi hivi kina maana yake, na hakuna kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake bila hasara. Jani lililonyauka limekosa maji wakati huo, lakini jani lililopauka limekosa rangi ilhali bado limesimama imara. Anayemwambia mwuza dawa kwamba "majani ni mabaya" amezitupa tofauti hizo zote.

Ama kuhusu mti wenyewe, yapo maswali matatu ambayo kila mwanafunzi anaweza kuyauliza bila kifaa chochote.

Swali la kwanza ni hili: ni majani yapi yaliyobadilika, ya zamani au machanga? Swali hili ndilo ufunguo wa mengine yote, na sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Viko virutubisho ambavyo mti huweza kuvihamisha kutoka jani kuukuu hadi jani changa wakati wa dhiki, mfano wa mzazi anayejinyima ili mtoto ale. Naitrojeni na magnesiamu ni miongoni mwa hivyo. Vikipungua, majani ya zamani ndiyo hufifia kwanza. Viko vingine visivyohama kwa urahisi, kama vile chuma, zinki na manganizi. Hivi vikikosekana, majani ya zamani hubaki na rangi yake, bali yale machanga ya nchani huzaliwa yakiwa yamepauka.

Swali la pili: rangi imepotea kwa mchoro gani? Palipopungua naitrojeni, jani zima la zamani hupauka kwa usawa, mishipa na nyama yake pamoja. Palipopungua magnesiamu, ukingo na ncha ya jani hugeuka manjano, lakini pembetatu ya kijani hubakia karibu na kikonyo, ncha yake ikielekea mbele. Upungufu wa chuma huonekana katika jani changa ambalo nyama yake ni ya manjano ilhali mishipa yake imesalia ya kijani, mithili ya wavu mwembamba uliotandazwa juu ya kitambaa. Upungufu wa zinki nao hutoa majani machanga madogo, membamba, yaliyosongamana, yenye mabaka ya manjano kati ya mishipa. Ikiwa mshipa mkuu wa kati ndio uliogeuka manjano huku pande zake zingali za kijani, basi shaka iende kwenye mizizi au kwenye jeraha la tawi. Na jani lililoungua nchani na ukingoni likawa la kahawia mara nyingi hueleza kwamba chumvi ya mbolea au ya maji imerundikana ndani ya chungu.

Swali la tatu: mabadiliko hayo yalifuata nini? Hapa ndipo chungu kinapotofautiana na shamba. Mti wa shambani hutafuta maji na chakula kwa mizizi yake. Wa chunguni hauna pa kwenda. Ukimwagiliwa kila siku na chungu kikawa kimeziba chini, au kimekalia sahani iliyojaa maji, mizizi hukosa hewa ikaoza. Mti wenye mizizi iliyooza hunyauka kana kwamba una kiu, na mwenyewe akauongezea maji yaliyokuwa yakiuua. Dawa ya hali hiyo ni kutia kidole udongoni hadi pingili ya pili: kikitoka na unyevu, maji yasitiwe. Vilevile, katika nyanda zetu za juu, kati ya Juni na Agosti, baridi huifanya mizizi izembee, na majani yakapauka ingawa chakula kimo udongoni. Mbolea iliyotiwa wakati huo haifai kitu, kwa kuwa mlaji hawezi kula.

Mahali nako kuna neno lake. Kule pwani, udongo mwingi umetokana na miamba ya matumbawe na umejaa chokaa. Visima vingi vina maji ya aina hiyo hiyo. Jamii ya michungwa hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kiasi cha 6 hadi 6.5 katika kipimo cha pH. Chokaa ikizidi, chuma humo udongoni hufungika, na mizizi ikakosa kukifyonza hata kikiwapo kwa wingi. Basi mtu wa Mombasa au Malindi anayeona wavu wa kijani katika majani machanga hapungukiwi na chuma. Anapungukiwa na ufunguo wa ghala. Akiwa na maji ya mvua, na ayatumie hayo kumwagilia. Ubaya huzidi pale mti ulipopachikwa juu ya ule mmea uitwao Poncirus trifoliata, ambao hutumiwa kufupisha miti lakini hauvumilii chokaa. Mmea huo hutambulikana kwa jani lake lenye vijani vitatu. Tawi la namna hiyo likichipuka chini ya mahali palipopachikwa, si ugonjwa wala si baraka: ni shina la chini linalotaka kumnyang'anya mwenzake nafasi, na lapaswa kukatwa mara moja.

Mpaka hapa nimezungumzia upungufu na makosa ya utunzaji, mambo ambayo gharama yake ni mti mmoja. Liko jambo jingine ambalo gharama yake ni mashamba ya watu.

Upo ugonjwa wa jamii ya michungwa unaosababishwa na bakteria na kuenezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu. Tiba yake haijapatikana popote duniani. Historia ya jina lake ni somo kamili la isimu. Huko Afrika Kusini, mapema katika karne ya 20, wakulima wa sehemu moja waliuita kwa jina la tawi la manjano, na wa sehemu nyingine wakauita kwa sababu ya matunda yanayokataa kuiva na kubaki ya kijani. Wakulima wa Uchina kusini nao waliuita huanglongbing, wakilenga machipukizi ya manjano yanayojitokeza katikati ya mti wa kijani. Miaka mingi ilipita kabla ya wataalamu kukubali kwamba hayo yalikuwa ni majina ya tatizo lile lile, na ni mwaka 1995, katika mkutano uliofanyika Fuzhou, Uchina, ndipo jina la Kichina lilipopewa kipaumbele. Huyu alitazama tunda, yule alitazama tawi, na kila mmoja akaona kile ambacho jina lake lilimwelekeza kukiona.

Jinsi ya kuushuku ugonjwa huu mwanafunzi anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Upungufu wa virutubisho huwa na ulinganifu: upande wa kushoto wa jani hufanana na wa kulia. Mabaka ya ugonjwa huu hayana ulinganifu huo. Chora kwa kalamu duara mbili zinazoelekeana, moja kila upande wa mshipa wa kati, kisha linganisha rangi zilizomo. Zikitofautiana waziwazi katika majani mengi, mti huo usihamishwe, usitolewe vikonyo vya kupachikia, na maafisa wa kilimo au wa KEPHIS waarifiwe, kwa maana uhakika hupatikana maabarani pekee.

Kwa muda mrefu mwenezaji aliyejulikana kwetu alikuwa Trioza erytreae, mdudu wa Kiafrika apendaye nyanda za juu zenye baridi, ambaye huacha vinundu juu ya majani machanga. Joto la nyanda za chini lilikuwa ngome yetu. Katika muongo wa 2010, watafiti waliripoti kuwapo Tanzania na Kenya kwa mdudu wa Asia, Diaphorina citri, ambaye hustahimili joto. Ngome hiyo basi imepata ufa. Mche mmoja wa chunguni ulionunuliwa kando ya barabara bila cheti, ukapakiwa katika basi na kupelekwa zawadi kwa shangazi huko Kwale, Kilifi au Makueni, unaweza kubeba mayai ya mdudu huyo au bakteria yenyewe. Na wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwenzangu wa sayansi atasema kwamba maneno hayaponyi mti, na kwamba kipimo cha maabara ndicho chenye kauli ya mwisho. Nakubaliana naye kuhusu kauli ya mwisho. Lakini nani atakayetoa kauli ya kwanza? Maabara haiji mlangoni. Hupelekewa jani na mtu aliyeliona, akalishuku, akalieleza. Mwingine atasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii tumeisikia tangu zamani. Msomaji na arudi nyuma atazame: yote niliyoyaeleza hapo juu yamebebwa na maneno ya nyumbani kama kikonyo, ukingo, ncha, mshipa, mabaka na vinundu, pamoja na majina machache ya kukopa. Ikiwa tutangoja kamati ituletee istilahi ndipo tulitazame jani, jani litakuwa limekwisha pukutika.

Madhara makubwa zaidi yako darasani. Mwanafunzi wetu hufunzwa sayansi kwa Kiingereza na hufunzwa Kiswahili kwa methali, tamathali na insha za mawaidha. Matokeo yake ni kwamba hukua akiamini kuwa Kiswahili ni lugha ya kupambia, na kwamba ukweli unaopimika una lugha yake nyingine. Kisha hurudi nyumbani kwa mama ambaye hakisemi Kiingereza, na elimu yake ikakosa mlango wa kuingilia.

Ndiposa nawaomba walimu wafanye jambo dogo. Vyama vya 4K, vilivyofufuliwa shuleni mwaka 2021, vina jina la Kiswahili: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kila chama na kiwe na milimau mitatu katika vyungu. Kila juma, mwanafunzi aandike sentensi tano kwa Kiswahili kuhusu mti mmoja: ni majani yapi, mchoro gani, baada ya tukio gani. Mwalimu wa Kiswahili asahihishe usahihi wa maneno, na mwalimu wa kilimo asahihishe utambuzi. Atakayeandika "majani ni mabaya" arudishwe kwenye chungu akatazame upya. Nao watungaji wa mitihani, badala ya kumtaka mtahiniwa aeleze kila mwaka siku ambayo hataisahau, wampe picha ya jani na kumtaka alieleze kwa aya mbili.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Jani lililokwisha haribika halirudi kuwa la kijani. Anayetibu mti hutazama machipukizi yanayofuata ili ajue kama alitambua sawasawa. Basi wawe na subira, waandike tarehe, na wasitie dawa kabla ya kupata neno linalolifaa lile waliloliona.